Siku Dagny Alipokwama Bafuni

Dagny alipenda asubuhi. Aliamka mapema, akachemsha kahawa, akapaka siagi kwenye mkate mweusi, kisha akaketi dirishani kutazama mabasi yakishuka kwenda bandarini. Aliyatazama kwa jicho kali. Kwa miaka mingi yeye mwenyewe alikuwa dereva wa basi katika mji huo wa Faaborg, Denmark. Dereva wa siku hizi akikata kona vibaya, Dagny alimkaripia pale pale dirishani, ingawa hakuna aliyemsikia.

Mumewe, Villy, alikuwa amefariki zamani. Mwana wao wa pekee, Steen, aliishi mbali, Kopenhageni. Kila Jumapili alipiga simu na kuuliza, "Mama, unaendeleaje?" Dagny alijibu neno lile lile: "Kama chuma."

Lakini chuma kilikuwa kimeanza kushika kutu. Magoti yalimuuma. Bega la kulia lilikataa kuinuka. Kuvaa soksi kulimtoa jasho. Vumbi la chini ya kitanda alilisamehe, maana hakuweza kuinama. Hata basi alikuwa ameacha kulipanda, kwa kuogopa kile kidato cha mlangoni. Yote hayo hakumwambia mtu. Aliamini kwamba mzee akikiri leo kuwa ameshindwa, kesho anafungiwa virago na kupelekwa nyumba ya wazee.

Siku moja ya mwezi wa Mei, jua likiwaka vizuri, Dagny aliingia katika hodhi lake la kuogea. Kuingia hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kutoka. Alishika ukingo, mkono ukateleza. Akajaribu kupiga magoti, magoti yakagoma. Maji yalipoanza kupoa alivuta kizibo, yakatoka yote, akabaki amekaa mle ndani kama yai kwenye bakuli. Taulo aliifikia. Simu ilikuwa jikoni.

Angeweza kupiga kelele. Dirisha lilikuwa wazi, na jirani yake, Ejvind, alikuwa nje akipunguza ua wake wa miti. Lakini Dagny aliona haya kuita watu kama mtu anayezama baharini. Basi akaimba. Nyimbo alizozijua mpaka mwisho zilikuwa za Krismasi, akaimba hizo hizo, kila wimbo kwa sauti kubwa kuliko uliotangulia.

Ejvind alisikia wimbo wa kwanza akatabasamu. Wa pili ukamshangaza. Ulipokuja wa tatu aliweka mkasi chini, akaenda kusimama chini ya dirisha.

"Dagny," akauliza, "huko ndani ni Desemba?"

Wimbo ukakatika. Kisha sauti ndogo ikatoka: "Ejvind, nimekwama."

Ejvind alijua ufunguo wa akiba unapowekwa. Aliingia bafuni amefumba macho kwa heshima, akaligonga kabati kwa paji la uso, akaomba radhi kwa kabati. Dagny alijifunga taulo vizuri. Ejvind akamshika kwapani kutoka nyuma, akamwambia ajisukume kwa miguu. Jaribio la kwanza lilishindikana. La pili likafaulu, na wote wawili wakaketi sakafuni wakihema.

Baadaye, Dagny akiwa amevaa, walikunywa kahawa jikoni. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha Ejvind akaona kwamba Dagny hacheki tena. Machozi yale yalikuwa ya kweli.

"Usimwambie Steen," Dagny alisema. "Atauza nyumba hii."

Ejvind alimwongezea kahawa. Alimkumbusha jinsi yeye mwenyewe alivyovunjika nyonga wakati wa baridi uliopita. Akamuuliza kama aliwahi kujiuliza nani alikuwa akimsaidia baada ya kutoka hospitali.

"Yule mwanamke wa baiskeli?" Dagny alisema. "Mimi nilidhani ni mchumba wako."

"Ningekuwa na bahati hiyo, nisingekata ua peke yangu," Ejvind akajibu.

Akamweleza. Mwanamke yule alikuwa msaidizi wa nyumbani, aliyetumwa na halmashauri. Mzee akishindwa na kazi fulani za kila siku, kama kuoga, kuvaa au kusafisha nyumba, anapiga simu halmashauri. Afisa anakuja nyumbani, anasikiliza, anatazama, kisha inaamuliwa msaada gani unamfaa. Anayekubaliwa msaada wa kudumu halipi hata krona moja. Msaada huo umeshalipiwa na kodi za watu wote, na Dagny alilipa kodi tangu ujana wake.

Dagny alitikisa kichwa. "Mimi nimeubeba mji huu mzima, Ejvind. Leo nibebwe mimi?"

"Nani kasema utabebwa? Ulipokuwa dereva uliwabeba abiria mgongoni? Ulisimamisha basi tu. Kupanda walipanda kwa miguu yao."

Dagny akamwomba namba ya halmashauri. Kesho yake alipiga simu. Alimwomba Ejvind awepo siku ya afisa kuja.

Siku hiyo ilipofika, Dagny alifanya kosa wanalofanya wazee wengi. Alijipamba. Alipaka rangi ya mdomo, akavaa gauni lake la harusi za watu, akazificha nguo chafu katika buti la gari la Ejvind. Afisa, aliyeitwa Lisbet, alikuwa mwanamke mtulivu aliyeuliza polepole. Dagny alimjibu kila swali kwa furaha. Kupika? Anapika. Ngazi? Anapanda kama mbuzi. Kuoga?

"Naoga vizuri sana," Dagny alisema.

Ejvind akakohoa. Kisha akasema, "Basi mwimbie afisa ule wimbo wa Krismasi."

Dagny alimtupia jicho ambalo lingesimamisha basi. Lakini Lisbet alikuwa ameshaweka kalamu chini, akingoja. Dagny akapangusa rangi ya mdomo kwa leso, akasimulia yote: hodhi, soksi, vumbi, kidato cha basi.

"Ahsante," Lisbet alisema. "Ukiniambia habari za siku nzuri tu, nitakuletea msaada wa siku nzuri. Nahitaji kuijua siku mbaya."

"Na nikisema kweli, mtanihamisha?"

"Hapana. Nyumba ni yako na uamuzi ni wako. Tunataka ukae humu kwa muda wote unaoweza. Sasa niambie, kitu gani ungependa kukifanya tena mwenyewe?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Dagny swali hilo. Alifikiri. Akasema angependa kuoga bila hofu, na kupanda basi kwenda bandarini kula samaki.

Haikuchukua muda mrefu msaada ukaanza. Halmashauri ilimwazima kiti cha ubao kinacholala juu ya hodhi, ili aoge amekaa. Vishikio vikafungwa ukutani. Alipewa pia kitufe cha kuvaa mkononi, akianguka akibonyeze, wahusika wajue. Msaidizi, Maiken, alikuja asubuhi za siku ya kuoga, na wakati mwingine alikuja mwingine kupiga deki.

Mwanzoni Dagny alikuwa mkali. Alimwambia Maiken amechelewa, na kwamba basi lingekuwa limeshaondoka. Maiken alicheka, akasema safari ijayo atasimama kituoni mapema. Lakini kilichomshangaza Dagny ni kwamba Maiken hakufanya kila kitu.

"Mgongo nitauosha mimi," alisema. "Uso na mikono ni vyako. Tukikufanyia yote, mwili utasahau."

Mtaalamu wa viungo naye alimfundisha kusimama kutoka kitini bila kujivuta kwa mikono, na kupanda kidato akitanguliza mguu wenye nguvu. Dagny alifanya mazoezi hayo jikoni huku redio ikiimba. Alijifunza kuvaa soksi kwa kifaa cha plastiki chenye kamba mbili, akawa anamtambia Ejvind nacho. Majira ya joto yalipokuwa yanakwisha, alipanda basi. Alimwambia dereva kwamba kona ya kanisani inataka gia ndogo. Kisha akala samaki bandarini, akamnunulia Ejvind pia.

Steen alikuja wakati wa vuli. Moyoni alikuwa amepanga maneno ya kumshawishi mama yake ahame. Alikuta nyumba safi, bafu lina vishikio, na mama anakaanga nyama. Dagny hakusema "kama chuma". Alimketisha akamweleza kila kitu, hata siku ya hodhi.

Steen aliacha kula. "Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Niliogopa utanihamisha."

"Na mimi kila simu ikilia asubuhi niliogopa kwamba ni mtu nisiyemjua, anataka kuniambia habari zako."

Walitazamana. Dagny aliushika mkono wa mwanawe, mkono mpana kama wa Villy. Akamwahidi kwamba kuanzia Jumapili inayofuata atamwambia na siku mbaya pia. Steen naye akamwahidi kwamba hatataja tena kuhama, mpaka mama mwenyewe ataje.

Walipomaliza kula, Steen aliinuka akakusanya sahani. Miaka yote Dagny alikuwa amemfukuza jikoni, akisema mgeni haoshi vyombo. Safari hii alibaki kitini, akanyoosha miguu, akajimiminia kahawa.

"Sabuni iko chini ya sinki," alisema. "Na ile sufuria kubwa, ioshe na nje."