Nyumba Isiyo na Taka

Saa kumi na mbili asubuhi Msarifu alikuwa ameshapima unga wa uji: gramu mia mbili na kumi kwa watu watatu, wala si punje zaidi. Maji ya uji huo yalikwisha kufua nguo mara mbili na kuogesha watu mara tatu, kisha yakapita kwenye mtungi-chuja uliofukiwa chini ya sakafu na kurudi jikoni yakiwa safi kuliko ya mvua. Vigae vya paa vilinasa jua na kulihifadhi, na ndilo lililokuwa likipika. Maganda ya ndizi ya jana yalishageuka mbolea, na mkono mwembamba wa chuma ulikuwa ukiyanyunyiza kwenye mchicha wa dirishani.

Baada ya hapo likaja dokezo la siku, kwa sauti ya kike isiyo na haraka. Msarifu alimkumbusha Mama Peresi kuloweka maharage ya kesho tangu leo, maana yangeiva kwa nusu ya moto, tena asitupe limau alilokamua kwa kuwa lingeng'arisha bomba.

Mama Peresi, yaani Damari Chisongela, alisikiliza huku akimfunga binti yake kamba za viatu. Hakuwa na haja ya kukumbushwa. Dokezo hilo, pamoja na mengine elfu nne, aliliingiza yeye mwenyewe kwenye akili mnemba ya mashine ile.

Huu ulikuwa mwaka 2091, na Dodoma nzima ilikuwa na nyumba laki mbili na elfu kumi na mbili zenye Msarifu. Damari alikuwa mhandisi mkuu wa Karakana ya Makazi, iliyomuunda. Watu walisema "Msarifu kasema", "Msarifu kakataa", kana kwamba ni shemeji aliyehamia jikoni. Kina mama walimpenda kweli. Mama anayetoka kazini jioni alikuta chakula kimepimwa, nguo zimeanikwa juani badala ya kukaushwa kwa umeme bure, na taka hakuna. Kwa wastani Msarifu alimrudishia kila mama saa mbili na nusu kwa siku. Zilikokwenda saa hizo ni suala jingine. Za Damari zilikwenda karakana.

Madokezo yale elfu nne nayo yalikuwa na asili yake. Mengi aliyatoa kwa mama yake mzazi, Bi Foibe, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake Nzuguni. Bi Foibe ndiye aliyejua kwamba maji ya kuoshea mchele humwagiliwa nyanya, kwamba maganda ya mayai yakisagwa ni dawa ya udongo, kwamba sufuria iliyofunikwa huiva upesi na aliyeisahau wazi amepikia majirani mvuke. Damari alikaa naye wiki tatu akimrekodi. Mama alicheka sana siku zile. Alisema hajawahi kuona mtu akisomea chuo kikuu miaka sita ili aje kuuliza namna ya kuosha sufuria.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, orodha ya mwaka ilitoka. Kila mwaka karakana ilitunuku nyumba iliyotupa kidogo kuliko zote mjini. Damari aliifungua akiwa bado na mswaki mdomoni, akaona jina la kwanza, akaita mumewe aje aone. Ilikuwa nyumba ya mama yake. Gramu tisa za taka kwa wiki, kiwango ambacho hata maabara haikuwahi kukifikia.

Alifurahi mpaka macho yakamlowa. Aliamua kuipeleka hati ya tuzo mwenyewe, bila kungoja sherehe ya Alhamisi.

Njiani alihesabu mara ya mwisho kukanyaga Nzuguni, akapata miezi minane. Ni kilomita kumi na tano tu, na aliona aibu kidogo, lakini si nyingi. Alikuwa akizungumza na mama kwenye kioo cha ukutani kila Jumapili, na kila jioni alimuuliza Msarifu swali moja: mama amekula? Kila jioni alijibiwa kwamba amemaliza karibu chakula chote alichopimiwa. Ni binti gani mwenye kazi angeuliza zaidi ya hapo?

Bi Foibe alichukua muda mrefu kufika mlangoni. Damari alipomwona alisahau shikamoo. Kwenye kioo huonekana uso tu, na uso wa mama siku zote ulikuwa mwembamba. Sasa aliona shingo, mabega, na mkono ulioshika mlango, ambao ungeweza kuzungukwa na vidole viwili.

"Mama, unaumwa?"

"Karibu ndani kwanza. Siumwi."

Damari alimsimamisha kwenye mizani ya bafuni. Kilo thelathini na nane. Mwaka juzi alikuwa na kilo sitini na moja, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa pili. Hati ya tuzo aliiacha kwenye kiti na hakuitazama tena.

Alimpigia muuguzi kwa kioo. Muuguzi alimpima Bi Foibe kwa mbali, akaagiza uji mwepesi, kidogo kidogo, kisha zahanati Jumatatu. Hakuona ugonjwa wowote. Aliuliza swali moja tu, kwamba bibi huyu anakula kiasi gani, na Damari akasema anamaliza chakula chote. Kisha akajisikia anavyosema, akaenda jikoni kumuuliza mashine kipimo chenyewe.

Msarifu alijibu bila kusita kwamba unga wa Bi Foibe kwa mlo ulikuwa gramu thelathini na moja.

Gramu thelathini na moja ni ugali wa kumpa kifaranga.

Damari alivuta kumbukumbu zote tangu mashine ifungwe, miezi kumi na minne nyuma, akazisoma moja moja. Mwezi wa kwanza Bi Foibe alikuwa akipika unga wa watu sita, na nyumba ilikuwa na mtu mmoja. Msarifu aliona chakula kikitoka chunguni bila kuingia kinywani mwa mwenye nyumba, akakiandika kuwa "chakula kisicho na mlaji": asilimia themanini na moja ya kilichopikwa. Akaomba kibali cha kusahihisha. Kibali kilitolewa na ofisi ya mhandisi mkuu saa nne asubuhi. Damari aliikumbuka vizuri asubuhi ile. Alitikisa kichwa, akasema mama naye kwa kufuja, akagusa "ndiyo", na juu yake akamtumia mama dokezo: pika kinachotosha.

Baada ya hapo ilifuata kanuni ya mabaki. Nayo ilikuwa ya Damari, na aliwahi kupigiwa makofi kwa ajili yake. Mlaji akiacha mabaki siku tatu mfululizo, kipimo chake hupunguzwa kidogo. Akitaka zaidi, anasema "ongeza", basi. Katika nyumba zenye watoto kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri sana, maana mtoto hana haya ya kuomba. Kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuiwekea mwisho wa chini.

Alirudi sebuleni na kikombe cha uji, akakaa karibu na mama yake na kumuuliza chakula kile cha watu sita kilikuwa kinakwenda wapi.

Bi Foibe alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyesahau jina lake. Kilikuwa kinaliwa, alisema. Mama Kuruthumu wa nyumba ya pili alikuwa akipita akitoka kazini, wakati mwingine na mumewe. Mafundi wa mtungi-chuja, kama wapo mtaani, walinawa na kukaa. Kuna mzee mmoja alikuja kwa mboga ya mlenda tu, na hakuwahi kuuliza jina lake. Tangu alipoolewa hajawahi kusonga ugali wa kuwatosha waliomo ndani peke yao, kwa sababu mama mkwe wake alimfundisha kuongeza kibaba kimoja cha mpita njia, naye alifundishwa hivyo hivyo na mkwe wake. Damari mwenyewe alikulia kwenye ugali huo.

"Mashine ilipoanza kupima, walikuja siku tatu," alisema. "Nikawapa sahani yangu wagawane. Siku ya nne wakaona haya, wakaacha. Na wao walishafungiwa mashine zao."

"Na wewe ukaacha kula."

"Sikuacha. Tonge la peke yako halishuki, mwanangu. Nilikuwa nabakiza kidogo. Kesho yake kinakuja kidogo zaidi. Nikabakiza tena."

"Si ungesema tu 'ongeza'? Neno moja, mama."

Bi Foibe aliweka kikombe chini. "Mimi niombe chakula jikoni kwangu?"

Damari alijua kila gramu ya nyumba hii na hakujua kitu ambacho hata mpita njia alikijua. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema. Yeye alichuma, na aliyekula alikuwa mama yake. Alilia, na mama akamwacha alie huku akinywa uji wake.

Alipojipangusa alifungua orodha ya tuzo upya. Kati ya nyumba ishirini bora, kumi na nne zilikuwa za wazee wanaoishi peke yao. Mshindi wa mwaka uliopita, babu mmoja wa Ntyuka, alifariki miezi miwili baada ya kukabidhiwa hati. Kwenye sababu paliandikwa "uzee". Damari alikumbuka kupeana naye mkono jukwaani. Ulikuwa mwepesi sana, na yeye alidhani ni adabu.

Alimpigia mkurugenzi wake, akamweleza yote. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Aliguna, akasema ni jambo zito, akapendekeza wasubiri sherehe ipite ili walitazame kwa utulivu. Damari alimwambia kwamba ameshaizima kanuni ya mabaki katika nyumba zote mjini, robo saa iliyopita, na kwamba katika kila nyumba ameongeza sahani moja ya mtu asiyejulikana. Mkurugenzi akauliza sahani hizo zitaliwa na nani. Damari akasema na watu.

Alikosea tena. Aliomba likizo ya wiki mbili na kubaki Nzuguni, na kila mchana alisoma takwimu. Siku ya kwanza sahani laki mbili na elfu kumi na mbili ziliandaliwa na karibu zote zikaishia kwenye kisaga-mabaki. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu kina mama walianza kulalamika kwamba Msarifu anafuja. Hapo nyumbani kwa Bi Foibe waliandaa ugali wa uwele na mlenda wa karanga kwa watu sita, wakaacha mlango wazi, na hakuna aliyeingia. Bi Foibe, ambaye sasa aliweza kukaa mezani bila kushikwa, alikula matonge mawili na kusukuma sahani.

"Wewe umeandaa sahani," alimwambia bintiye siku ya tisa. "Sahani haimwiti mtu."

Basi Damari alivaa kandambili za mama yake akatoka. Hatua kumi na nane tu. Alisimama mbele ya mlango wa Mama Kuruthumu mchana kweupe na kujikuta anaona haya kama bibi harusi, yeye aliyezoea kuhutubia mawaziri. Alipiga hodi.

Mama Kuruthumu alifungua akiwa na wasiwasi. Alimtambua, akamsalimu, akauliza kama mtungi-chuja wa mtaa umeharibika. Hakuna mtu aliyepiga hodi saa saba mchana pasipo sababu, siku hizi.

"Hakuna kilichoharibika," Damari alisema. "Mama amepika. Nimekuja kuwaita mje mle."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Bi Foibe."

Mama Kuruthumu alitazama nyumba ya pili, akamtazama Damari, akatazama tena nyumba. Mkono aliupeleka kinywani.

"Bi Foibe yupo?" alisema taratibu. "Mwaka mzima sijaona mtu wala kusikia sauti. Kisanduku cha taka mlangoni hakijafunguliwa hata mara moja. Juzi tulipoona mlango wazi tulidhani ni mafundi. Sisi tulijua ulishamchukua ukae naye."

Mama Kuruthumu hakungoja jibu. Alimwita mumewe na binti yao, akasema waache sahani zao kama zilivyo, wakavuka wote bila viatu vya kutokea. Walipomwona Bi Foibe mume aligeukia ukuta. Mama Kuruthumu alipiga magoti akashika miguu ya yule bibi, akaomba radhi, akaambiwa anyanyuke anawe, ugali unapoa. Walikuwa wameshakula nusu ya chakula chao. Walikula tena, polepole, kwa kujilazimisha mwanzoni, wakibishana kama mlenda wa zamani ulikuwa mzito zaidi.

Bi Foibe alikula tonge la kwanza, la pili, la tatu. Damari alikuwa akihesabu moyoni. Kwenye la nne mama yake alimtupia jicho, naye akaona haya, akaacha kuhesabu, akanawa na kuanza kula.