Spika za Mjomba Fransisko

Siku Eustace alipoingia dukani kwa Modesta alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi hadi kola ikasimama, na moyoni alikuwa amejiapiza kwamba hatauliza swali hata moja. Ilikuwa Jumamosi, karibu na soko kuu la Morogoro, saa ambazo malori ya mboga kutoka Mgeta hushusha kabichi na karoti na njia nzima hunukia majani mabichi. Duka lilikuwa jembamba, limejaa radio za magari, kaseti na spika zilizoning'inizwa ukutani kama sufuria. Katikati ya vurugu hiyo alikaa msichana mwenye blauzi ya njano na sketi ya kitenge, bisibisi ameichomeka kwenye nywele zake za kusuka kama wenzake wanavyochomeka kalamu.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalipoanza kumiminika nchini, na mtu aliyezoea baiskeli akajikuta ameshika usukani. Eustace, kijana wa Muleba aliyeletwa Morogoro na kazi ya kutunza stoo kiwandani, alikuwa nalo moja, dogo, jeupe. Spika zake za milangoni, zile lilizotoka nazo kwao, zilikuwa zimechanika karatasi. Kila mwimbaji aliyeimba ndani ya gari hilo alisikika ana mafua.

"Nataka spika," alisema.

"Inchi ngapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Eustace hakujua kama spika hupimwa kwa inchi, kwa kilo au kwa mita. Angesema hajui, hadithi hii ingekwisha mapema na kwa amani. Lakini yule msichana alikuwa akimtazama kwa macho yaliyokaribia kucheka, na Eustace aliona afadhali afe kuliko kuonekana mshamba.

"Za kati," alijibu. "Usijali, mimi nafunga mwenyewe. Nimewafungia watu wengi."

"Watu wengi," Modesta alirudia taratibu. "Hongera, fundi."

Akatoka nje, akapima kwa kiganja kile kifuniko cha spika mlangoni mwa gari, akarudi na kumpa zilizofaa. Eustace akaenda zake Kilakala na boksi kifuani, hajui hata mlango wa gari huvuliwa ngozi yake kuanzia wapi.

Jumatatu, saa sita kasoro, simu ya dukani ikalia. Sauti nzito, yenye kikohozi cha kulazimisha, ilijitambulisha kuwa ni Mzee Mikaeli wa Kilosa, na kwamba ana gari na spika na hajui pa kuanzia.

"Shikamoo, mzee," alisema Modesta.

Kuamkiwa shikamoo na msichana unayemtaka si jambo dogo. "Marahaba, mwanangu," Eustace alijibu kwa unyonge.

Modesta akamwelekeza kama anavyoelekezwa baba mzazi. Atafute skrubu zilizojificha nyuma ya kitasa cha ndani. Mkono wa kuzungushia kioo autoe kwa kupitisha kitambaa nyuma yake. Paneli, ule ubao wa ndani ya mlango, asiing'oe kwa hasira, aivute klipu moja moja. Waya wa plasi uende kwa plasi. Alipokuwa akieleza, king'ora cha kiwanda kilipiga saa sita. Modesta alikisikia kwa sikio moja kupitia mlango wa duka, na kwa sikio la pili kupitia simu. Kilosa haina king'ora hicho. Aliziba simu kwa mkono akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaendelea kwa sauti ya heshima.

"Na jambo la mwisho, mzee. Hili ni muhimu."

Lakini wakati huohuo mkuu wa Eustace aliingia stoo, na Mzee Mikaeli akakata simu bila hata kuaga.

Spika zililia. Eustace mwenyewe hakuamini. Jioni alipita mbele ya duka mara tatu, vioo vimefungwa vizuri ili muziki utikisike ndani, na mara ya tatu Modesta akatoka kumsimamisha akamwambia kwamba fundi mzuri namna hii anastahili kununuliwa soda. Ndivyo walivyoanza. Wakawa wanakwenda Rock Garden Jumapili kukaa juu ya mawe na kuchovya miguu kwenye maji ya mlimani, Eustace akimwita malkia wangu, Modesta akimwita fundi wangu, na kila alipolitamka neno hilo alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Kuna mzee wangu mmoja wa Kilosa," Modesta alimwambia siku moja akimenya chungwa. "Alinipigia simu dukani. Nampenda sana."

"Unampendea nini?"

"Hajui kitu, na anasema hajui. Wanaume wa hivyo wachache."

Eustace alikitazama kijito. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema ukweli kuliko zote atakazopewa duniani, na aliiacha ipite pamoja na maganda ya chungwa.

Sasa, Modesta alikuwa Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba hupewa heshima na kiti, lakini neno la kumwoza binti liko kwa mjomba. Mjomba wake Modesta aliitwa Fransisko, mkulima wa njegere na kabichi huko juu kwenye kijiji cha misheni, katibu wa kamati ya kanisa, mtu aliyevaa koti la suti hata anapopima viazi. Alikuwa na pikapu kuukuu aliyoipenda kama ng'ombe. Vitasa vya ndani vya pikapu hiyo, cha kulia na cha kushoto, vilivunjika zamani, na Mjomba hakuona sababu ya kuvitengeneza. Akitaka kushuka aliteremsha kioo, akatoa mkono nje, akafungua kwa kitasa cha nje. Alifanya hivyo kwa madaha, na watu walishazoea.

Jumamosi moja alishuka mjini na kabichi zake, akapita dukani kumwona mpwa wake, akamkuta Eustace. Baada ya shikamoo na marahaba akamwuliza kijana anafanya kazi gani.

Modesta alimkazia Eustace macho. Macho yale yalisema wazi: sema mtunza stoo, inatosha.

"Ni mtunza stoo, mjomba," alisema Eustace, na laiti angekomea hapo. "Na ni fundi wa spika za magari."

Mjomba alifurahi hadi akavua kofia. Spika za pikapu yake zilikuwa zinakwaruza, kwaya ya parokia ikiimba ndani ya kaseti inasikika kama inakaangwa. Akachagua dukani palepale spika kubwa kuliko zote, zenye sumaku nene kama andazi, kwa sababu mtu hanunui spika ili zionekane ndogo. Modesta akajaribu kusema jambo, mjomba akamnyamazisha kwa mkono. Manyunyu yakaanza. Eustace akafunga vioo ili mvua isiingie ndani, akavua paneli kama Mzee Mikaeli alivyofundishwa, akatoa spika za zamani, akatia mpya, akarudisha paneli. Milango ilikuwa wazi muda wote. Kaseti ikawekwa. Sauti za kina mama wa kwaya zikatoka safi, na kuli mmoja aliyebeba gunia la karoti akasimama kusikiliza.

"Huyu," Mjomba alimwambia Modesta, "mlete tuzungumze." Akafungiwa mlango, akaondoka anapiga honi.

Jumanne dereva wa lori la mboga alileta barua dukani.

*Mpwa wangu Modesta. Jumamosi nilipofika nyumbani watoto walinifungulia mlango, sikuona kasoro. Jumapili nimefika kanisani nimechelewa, watu wote wameshaingia. Nikateremsha kioo nishuke, kimeshuka vidole viwili kikakwama. Upande wa pili hivyohivyo. Nimesali misa nzima ndani ya gari, nimevaa suti, juani. Matangazo ya kamati amesoma mpiga kengele, ambaye hasomi vizuri. Watu walipotoka walinipungia mkono wakadhani nimefika mapema kuwasubiri. Amenifungulia padre. Fundi huyo asije.*

Modesta aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aliumia, kwa sababu alikuwa ameshajiona amevaa shela. Akachukua simu, akampigia Eustace stoo, akamsomea barua yote bila kuruka neno.

Eustace akaanza kueleza habari za mvua, na ubovu wa milango ya zamani, na namna spika za siku hizi zinavyotengenezwa. Modesta alimwacha amalize.

"Mzee Mikaeli hajambo?" akauliza.

Upande wa pili Eustace akakohoa.

"Nimekujua tangu siku ya kwanza, Eustace. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Mimi sihitaji fundi, dukani wamejaa. Lakini anayenidanganya kwa skrubu atanidanganya kwa mengine makubwa." Akakata.

Siku tatu Eustace hakulala vizuri wala kula. Aliwasha gari lake, muziki ukatoka safi, akauzima. Alimkumbuka Modesta akimenya chungwa, na akaona aibu hadi masikio yakawaka moto, akiwa peke yake kabisa. Ijumaa, saa sita kasoro, simu ya dukani ikalia. Modesta akasikia sauti nyembamba ya kawaida, haina kikohozi.

"Mimi Eustace. Sijui kufunga spika. Sikujua siku ile, na hata sasa najua nusu tu. Nifundishe, kesho nipande kwa mjomba nikamwombe radhi."

King'ora kikapiga. Wote wawili walikisikiliza mpaka kikaisha.

"Una msumeno?" Modesta aliuliza.

Akamweleza, polepole, na safari hii Eustace aliandika. Sumaku ilikuwa nene mno, ndiyo iliyokizuia kioo kushuka. Akate plaiwudi mapete mawili, aweke kati ya mlango na spika, ili spika isogee mbali na kioo, nacho kipate njia. Eustace aliuliza maswali kumi na moja. Modesta aliyahesabu.

"Kesho utakuwepo?" lilikuwa la mwisho.

"Si lazima ujue," alisema Modesta, lakini sauti ilikuwa imelainika.

Jumamosi Mjomba Fransisko alimpokea mgeni wake uani kwake akiwa na koti la suti na uso uliofungwa. Eustace alimwamkia, akabaki amesimama, akamwambia yote: kwamba si fundi, hakuwahi kuwa fundi, na Mzee Mikaeli wa Kilosa ni yeye. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Akamwonyesha pikapu kwa kidevu.

Kazi ilichukua asubuhi nzima, na majirani walileta vigoda. Paneli ziliporudi, Mjomba akamwambia aingie kwenye kiti cha dereva, akamfungia mlango kwa nje.

"Sasa toka," akasema.

Eustace alishika mkono wa kioo. Kioo kilishuka vidole viwili, na watu uani wakanyanyuka kwenye vigoda. Kikashuka vitatu. Kikashuka chote, laini kabisa, na hewa ya mlimani ikamwingia usoni. Akatoa mkono nje kutafuta kitasa, akakuta kimeshikwa. Modesta alikuwa amesimama hapo na ile blauzi ya njano, vumbi la lori la mboga bado kwenye viatu.

"Jambo la mwisho, Mzee Mikaeli," alisema. "Siku ile ulikata simu."

"Leo sikati. Nasikiliza."

"Kabla hujarudisha paneli, teremsha kioo mpaka chini."

"Nitateremsha."

"Na usipojua kitu, niambie."

"Sijui namna ya kupeleka posa," alisema Eustace. "Sijui naanza na nani, wala napiga magoti humu garini au nasubiri nishuke. Ninachojua ni kwamba nakupenda na nataka unioe, yaani nikuoe. Unaona, hata hilo sijui."

Uani kicheko kililipuka. Modesta alicheka pia, akipangusa macho kwa kiganja, na kitasa hakukiachia.

"Mjomba," aliita bila kugeuka, "nimfungulie?"

Mjomba Fransisko alizunguka pikapu yake, akainama kukitazama kioo, akaipiga spika konzi kama anayejaribu tikiti.

"Mfungulie," alisema. "Lakini vitasa vya ndani asinitengenezee."

Vikabaki vilivyo. Siku ya harusi, pikapu iliposimama mbele ya kanisa na kaseti ya kwaya ikilia, watu waliona kioo kinateremka taratibu, mkono wa bwana harusi wenye saa mpya na kifungo cha dhahabu ukatoka nje, ukapapasa, ukakipata kitasa.