Aliyengoja Kuulizwa

Kila asubuhi darasa la wauguzi lilisikika hadi barabarani. Mwalimu alitaja nusu ya sentensi, wanafunzi wakamalizia nusu ya pili kwa pamoja. Kwa miaka ishirini alifundisha hivyo, na wanafunzi wake walifaulu mitihani. Aliyewashinda wote kwa kukariri alikuwa binti yake mwenyewe. Wenzake walimwita Kitabu, na mama mtu alilionea fahari jina hilo.

Kitabu alihitimu, akapangiwa zahanati ya vyumba vitatu, ambako daktari alikuja mara mbili kwa wiki. Mwezi wa pili alimzalisha mama mmoja. Mtoto alilia vizuri. Kisha mama akaanza kutokwa na damu nyingi, na Kitabu akasimama kando ya kitanda kwa dakika kumi na moja. Mama yule alikufa.

Tangu hapo Kitabu alilala chumba cha nyuma, uso ukutani. Sare yake ilikaa kwenye mfuko wa nguo bila kufuliwa. Mwalimu alimuuliza mara nyingi kama alisahau masomo. Siku moja binti alijibu bila kugeuka.

"Sikusahau, mama. Dalili zote nilizitaja moyoni, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Mwalimu alitoka, akaketi kwenye ngazi ya uani, akalia. Nani mwingine wa kulaumiwa? Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alilichuma miaka ishirini.

Jirani yao alikuwa uani akianika nguo. Alifundisha askari wapya wa zimamoto, na mtaa mzima ulimwita Dada Moto kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mwalimu alimweleza, naye akasikiliza yote bila utani hata kidogo. Kisha akaeleza kwamba wao huwasimulia askari wapya moto uliotokea kweli, kisha hukatiza katikati.

"Nawaambia, umefika mlangoni, moshi mweusi, juu kuna mtu, maji yamebaki nusu tangi. Unafanya nini? Halafu natazama saa. Anayebabaika, nyumba inamuungulia hapo hapo kwenye benchi. Afadhali iungue kwenye benchi, Mwalimu."

Maneno hayo yalimchoma. Usiku kucha aliyageuza kichwani. Asubuhi aliomba ruhusa ya binti yake kukisimulia kisa kile. "Wasimulie," alisema Kitabu. "Ila jina la marehemu usilitaje."

Darasani Mwalimu alifunga daftari.

"Mama amejifungua. Kitambaa kimelowa damu kabla ya dakika tano. Daktari hayupo. Unafanya nini?"

Darasa lilikaa kimya, likingoja nusu ya sentensi. Mwishowe mwanafunzi mmoja alianza kutaja dalili za hatari.

"Dalili nimeshakupa. Nakuuliza mikono yako iko wapi. Dakika moja imepita."

Hapo ndipo walipoanza kubishana. Mmoja alitaka kukimbilia simu, mwingine akamuuliza atamwachia nani mgonjwa. Polepole walielewana: kupiga kelele kuita msaada, kukanda tumbo hapo hapo ili kizazi kikaze, kutoa dawa ya kukikaza, na kumtuma mtu aite gari huku mikono ikiendelea na kazi. Walikuwa wametumia dakika tisa. Mwalimu akawaambia jinsi kisa kilivyoisha, na muuguzi yule ni mtoto wa nani. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Kila wiki aliwaletea kisa kingine cha kweli, na saa mezani.

Mwaka uliofuata mhitimu mmoja alipiga simu. Mama alitokwa na damu, yeye hakungoja, na sasa mama na mtoto walikuwa wazima. Mwalimu alikimbilia chumba cha nyuma kumweleza binti yake.

Kitabu aliuliza: "Alianza kukanda baada ya dakika ngapi?"

"Moja."

"Moja," alirudia Kitabu, akajifunika shuka. "Basi hata mimi ningeweza."

 Mwalimu aliitoa ile sare kwenye mfuko, akaenda kuifua.