Shokapu za Chura

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Elinipa alikuwa na kazi moja: kutoa chupa za mawese za Bi Mwanaima na kuzipanga barazani, mahali jua linapoanza kupiga. Ulikuwa mwezi wa Julai. Kigoma ina joto lake, lakini alfajiri za Julai zina baridi, na mawese yaliyokuwa yakimiminika vizuri jana jioni huamka yameganda, mazito kama uji uliosahauliwa.

"Yaache yaote jua," Bi Mwanaima alikuwa akisema. "Na hapa tuko karibu na ziwa. Huko juu Kasulu asubuhi yanakuwa magumu, lazima uyaweke karibu na moto."

Bi Mwanaima ndiye aliyekuwa mwenye nyumba waliyopanga, mtaa wa Kasingirima. Alikuwa mjane mcheshi, na babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani sana. Elinipa na baba yake walikuwa wageni, watu wa Same. Baba yake, Mzee Eliudi, alikuwa mtaalamu wa maji. Miaka ile vita vilikuwa vimewaka ng'ambo ya ziwa na wakimbizi walikuwa wakiingia kwa maboti, basi akahamishiwa Kigoma ili asimamie visima na mabomba ya kambi moja huko juu, mbele ya Kasulu. Mama alifariki Elinipa akiwa darasa la pili. Sasa alikuwa darasa la sita.

Baba alirudi nyumbani kila Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kwa hiyo Elinipa aliona kwamba wiki yake ilikuwa na siku mbili tu, zile nyingine zilikuwa foleni ya kuzingojea. Alikula vizuri, Bi Mwanaima alimpenda, lakini jioni akimaliza kuosha vyombo alikaa peke yake kizingitini na moyo ukamuuma. Hakumwambia mtu. Alifikiri mtoto wa darasa la sita haruhusiwi kulia kwa jambo kama hilo.

Baba alikuja na gari lake dogo la zamani, ambalo watoto wa mtaa waliliita Chura. Jina halikuwa la kuonea. Likiingia kwenye shimo dogo tu, pua yake iliinama, ikainuka, ikainama tena, na likaendelea kurukaruka hata barabara ilipokuwa nzuri tena. Watoto walilikimbilia wakiimba, "Chura, Chura, ruka!" Elinipa alicheka nao. Baba hakucheka. Mgongo wake ulikuwa unamuuma, na wiki iliyopita, kwenye kona moja ya vumbi, tairi za mbele zilikataa kushika njia akanusurika kidogo.

Jumapili moja alimchukua Elinipa hadi gereji ya Fundi Kasongo, kiwanja kilichozungushiwa mabati kandokando ya barabara ya Ujiji.

"Shikamoo, fundi," alisema Elinipa.

"Marahaba, binti. Njoo nikuonyeshe ugonjwa wa gari lenu." Fundi Kasongo alikandamiza boneti kwa mikono miwili kisha akaachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. "Unaona? Springi ndiyo inayobeba gari, lakini springi peke yake ni mchezaji ngoma. Shokapu ndiyo inayoiambia, 'Basi, tulia.' Ndani yake mna oili maalumu. Hizi za mbele zimevujisha oili yote."

"Tufanyeje?" aliuliza Baba.

"Zibadilishwe zote mbili za mbele kwa pamoja. Ukiweka moja mpya na kuacha moja kuukuu, gari litavuta upande. Sasa, kuna mtu hapa mjini ana za mtumba, saizi ileile. Mpya huenda zikatoka Dar es Salaam kwa treni. Kesho asubuhi nitajua kama zinapatikana."

Baba alikuna kidevu. Kesho alfajiri angepanda lori la kambini. Walipofika nyumbani alimkalisha Elinipa karibu naye.

"Kesho ukitoka shule pita kwa fundi. Mwambie hivi: kama mpya zinapatikana, aagize mpya, hata kama ni kungoja. Za mtumba sizitaki, sijui zimepitia wapi. Gari likipona, dereva wetu Dismasi atalichukua aniletee kambini. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Lakini Baba, Jumamosi utakuja?"

"Bila gari, mwanangu? Malori ya kambini hayaji huku Jumamosi. Vumilia kidogo."

Kidogo! Watu wazima wana neno hilo moja kwa kila kipimo.

Siku ya pili, darasani, Elinipa hakusikia hata hesabu moja. Aliyeketi naye, Merina, alikuwa msichana mkimya kutoka Kongo aliyeishi kwa shangazi yake hapo Kasingirima. Kila siku baada ya shule Merina alikwenda Katonga, maboti yanapotia nanga, akiangalia nyuso za wanaoshuka. Alikuwa amepotezana na baba yake siku ya kukimbia.

"Leo twende wote Katonga," Merina alimwambia. "Kutembea peke yangu kunanichosha."

"Siwezi. Nimetumwa," Elinipa alijibu, akaondoka haraka bila hata kuaga.

Fundi Kasongo alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. Aliposikia sauti yake alitoka akijifuta mikono. "Haya, binti. Mpya zipo Dar, lakini zitachukua wiki tatu, labda nne. Mzee amesemaje?"

Wiki tatu, labda nne. Elinipa alikiona kile kizingiti na zile jioni zote. Akasikia mdomo wake ukisema, "Baba amesema weka za mtumba."

Fundi akainua nyusi. "Mzee Eliudi amesema hivyo? Jana hakuonekana kuzipenda."

"Amesema ana haraka na gari."

"Haya, gari ni lake."

Kufikia Alhamisi Chura alikuwa tayari. Fundi alikandamiza boneti, na safari hii gari halikuruka hata kidogo. Lilikaa kimya kama mtoto aliyekaripiwa. "Ngumu kidogo," fundi alinung'unika, "lakini zitalainika." Dismasi akaja, akaingia, akaondoka nalo. Elinipa alilitazama mpaka lilipopotea, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaimba akirudi nyumbani.

Jumamosi alifagia uwanja mara mbili. Alipika ndizi na samaki kama Baba anavyopenda, akafunika sahani, akakaa kizingitini. Kila gari lilipopita barabarani, alisimama. Adhuhuri ikaja, ndizi zikapoa. Alasiri ikaja. Watoto waliokuwa wakimngoja Chura wakachoka, wakaenda kuogelea. Bi Mwanaima akatoka baada ya swala, akamtazama, akakaa kando yake.

"Pengine kazi imemzidi," alisema mwishowe.

"Atakuja," alijibu Elinipa. Lakini wazo moja lilikuwa limeanza kumtafuna: je, zile shokapu? Alitaka kumwambia Bi Mwanaima, lakini akageukia sahani, akaifunika upya. Hakuna upweke mbaya kama wa mtu mwenye siri. Hata akishikwa mkono, yuko peke yake.

Jumapili asubuhi lori lilisimama mbele ya nyumba, likimvuta Chura nyuma. Baba alishuka polepole, mkono wa kushoto umefungwa bendeji na kuning'inizwa shingoni, shati lina vumbi na damu. Elinipa alipiga kelele akamkimbilia.

"Pole pole, mwanangu. Mkono umeteguka tu. Mungu amenihurumia."

Aliwaeleza. Alikuwa ametoka kambini alfajiri ya Jumamosi, baridi kali, na tangu mwanzo mbele ya gari palikuwa pagumu kama gogo. Kila jiwe lilimgonga mgongoni. Kwenye mteremko wenye makorongo, Chura hakuinama wala hakutulia, alidunda tu kutoka upande huu hadi upande ule, usukani ukamtoka, gari likaingia mtaroni. Akalala kituo cha afya cha njiani hadi alipopata lori lililokubali kulivuta gari.

"Sasa twende kwa Kasongo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika lakini anajizuia. "Nataka anieleze."

Bi Mwanaima naye alifuatana nao, kwa sababu hakuwa mtu wa kubaki nyumbani mambo yanapotokea.

Fundi Kasongo alizifungua shokapu. Moja ilikuwa imepasuka kwenye mpira wa juu. Akaiegemeza juu ya karai, na kitu chekundu, kizito, kikaanza kutoka polepole. Haikuwa oili. Bi Mwanaima akachovya kidole, akanusa.

"Haya ni mawese!" alisema. "Nani kawaambia mawese yanawekwa kwenye gari?"

Fundi Kasongo akashika kichwa. "Aliyeniuzia amezijaza mawese ili zionekane nzima! Hapa kwetu kwenye joto yanateleza kidogo, hata mimi nikadanganyika. Kumbe kule juu..."

"Kule juu yanaganda," Bi Mwanaima alimalizia. "Hilo hata Elinipa analijua."

Elinipa alilijua. Alizitazama chupa zote za barazani akilini mwake.

"Lakini fundi," Baba alisema, "mimi nilikuagiza shokapu mpya. Kwa nini umeniwekea hizi? Mtu hawezi tena kuondoka mjini akamwamini mwenzake?"

Fundi Kasongo alifungua mdomo, akamtazama Elinipa, akaufunga. Mafundi wengine walikuwa wamesimama wakisikiliza. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Fundi angelaumiwa, Baba angekasirika kidogo, na jambo lingepita. Elinipa aliutazama ule mkono uliofungwa.

"Si fundi, Baba," alisema. "Ni mimi. Nilimwambia umesema za mtumba. Mpya zilitaka wiki tatu au nne, na mimi... mimi nisingeweza. Nilitaka uje Jumamosi."

Akalia, na safari hii hakujali kama ni wa darasa la sita.

Baba alikaa juu ya tairi kuukuu na kumvuta kwa mkono wake mzima.

"Elinipa, ulitaka nifike haraka, ukakaribia kunifanya nisifike kabisa."

"Nisamehe, Baba. Nisamehe na wewe, fundi."

"Mimi nina langu pia," alisema Fundi Kasongo kwa unyonge. "Niliona kwamba maneno hayafanani na ya jana, nikapuuza. Na shokapu zenyewe zilikuwa ngumu nikalijua hilo, nikasema zitalainika. Nitaagiza mpya, na kazi ya kufunga ni juu yangu."

Zile wiki zilikuwa ndefu, hakuna haja ya kudanganya. Baba alirudi kambini na hakuonekana Jumamosi ya kwanza wala ya pili. Lakini kesho yake tu, Jumatatu, Elinipa alimsogelea Merina baada ya kengele.

"Leo naweza kwenda Katonga," alisema. "Kama bado unataka mtu."

Merina alimkazia macho. "Baba yako hakuje?" aliuliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Hatakuja mpaka gari lipone. Mimi ndiye niliyeharibu."

"Lakini baba yako unajua iko wapi," alisema Merina. "Mi yangu, sijue kama iko huku ao kule." Hakusema kwa kulalamika. Elinipa akamshika mkono, wakateremka pamoja. Walisimama kati ya matenga ya dagaa wakitazama kila uso ulioshuka, na waliporudi jioni, ile njia haikuwa ndefu kama Merina alivyokuwa akisema.

Shokapu zilifika kwa treni, zote mbili zikiwa kwenye maboksi yake. Baba alipata ruhusa akaja. Fundi Kasongo alizifunga siku hiyohiyo, kisha akamwita Elinipa. "Kandamiza boneti."

Elinipa akakandamiza kwa nguvu zake zote. Gari lilishuka, likapanda mara moja, likatulia.

"Watoto watalipa jina jingine sasa," Bi Mwanaima alicheka.

Baba aliweka mkono begani kwa Elinipa. "Nisikilize, mwanangu. Mimi ni mtu wa maji, ninaweza kusema maji yako wapi chini ya mawe, lakini siwezi kujua kilicho moyoni mwako usiponiambia. Ungesema tu, 'Baba, wiki ni ndefu, nina upweke,' tungetafuta njia pamoja. Uongo unaonekana umeziba tundu, kama yale mawese, lakini ukifika mahali pagumu unakuangusha, na unawaangusha na wengine. Ukweli huwa unakawia. Uvumilie."

"Nimesikia, Baba."

"Haya, panda. Leo nakupeleka popote unapotaka."

Zamani angesema sokoni, au ufukweni kuogelea. Elinipa alifikiri kidogo tu.

"Tumpitie Merina kwanza," alisema. "Boti la jioni linakaribia kufika Katonga."

Chura aliteremka kuelekea ziwani bila kurukaruka hata kwenye shimo moja, wasichana wawili wakiwa wamekaa nyuma. Boti lilipotia nanga walishuka wote watatu. Abiria walipita mmoja mmoja, na baba yake Merina hakuwamo. Merina alishusha macho. Elinipa hakuachia mkono wake.

"Kesho tutakuja tena," alimwambia.