Gundi Kwenye Turbo la Clarrie

Walikuwa wamebakiza kilomita mia na kumi kufika shamba la ng'ombe la Wirrabindi, katikati ya jangwa la Australia, injini ya dizeli ya gari lao ilipoanza kunguruma kwa hiari yake. Clarrie aliondoa mguu kwenye mafuta, ikazidi. Akazima ufunguo, ikazidi. Moshi wa buluu ukafunika gari zima.

"Zima, mzee," alisema mkewe, Noelene.

"Nimeshazima."

Injini ilikuwa inakula oili yake yenyewe. Clarrie alitia gia ya tano, akakanyaga breki kwa nguvu zote, akaachia klachi. Gari likatetemeka, likafa.

"Sili za turbo zinapitisha oili," alisema. "Wameniuzia takataka."

Turbo hilo, feni inayosukuma hewa kwenye injini, alikuwa amelisafisha na kulirudisha mwenyewe kwa vipuri vipya wiki iliyopita, bandani kwake, akisikiliza kriketi redioni. Kwao gereji iko mwendo wa siku nzima, hivyo kila banda lina tyubu ya gundi ya silikoni, na panapovuja pote hupakwa gundi.

Simu hazikushika mtandao. Maji yalikuwa lita tisa, joto digrii arobaini na sita. Walilala chini ya gari, maana huko anayeacha gari na kutembea huokotwa mifupa. Hakuna aliyepita siku ile. Kesho yake adhuhuri zilibaki lita mbili. Clarrie aliacha kutoka jasho, akaanza kuongea na kaka yake aliyekufa zamani. Noelene alifungua boneti. Akachukua spana.

Mlio wa spana ulimrudishia Clarrie akili kidogo. "Anza na mrija wa chini," alinong'ona. "Ule wa kurudisha oili."

Noelene aliufungua, akaingiza kidole. Likatoka donge zima la silikoni lililokuwa limeziba tundu. Oili ilikuwa imekosa pa kushukia, ikapitia turbo na kuchomwa na injini kama mafuta. Alimwonyesha mumewe. Clarrie aligeuza uso.

"Sasa nifanyeje?"

"Kwangua yote. Kata gasketi ya kuziba maungio kwenye boksi la biskuti. Kisha mimina oili tundu la juu, uzungushe feni kwa kidole mpaka iteleze. Usikaze mrija kabla ya hapo."

"Nikikosea?"

"Hatufiki, mama."

Alifanya kazi saa tatu, vidole vikivuja damu, akamimina galoni ya mwisho ya oili. Injini ikawaka, ikatoa moshi, ikatulia. Waliendesha polepole, na kila mlio ulipopanda walipunguza mwendo zaidi.

Huko Wirrabindi, mwenye shamba, Bronwyn, aliwapokea kwa ndoo ya maji na taulo.

"Nini kilitokea, Clarrie? Vipuri vibovu?"

Clarrie aliweka taulo chini.

"Vipuri vilikuwa vizima. Gasketi ilikuja kwenye pakiti yake, nikaona uvivu kuitafuta, nikapaka gundi. Nusura nimuue mke wangu."

Noelene, ambaye hakutoa chozi jangwani, aliketi pale pale kwenye vumbi akalia.