Sauti Aliyosema Ameifuta

Ijumaa, tarehe 7 Februari mwaka 2025, ibada zilipokwisha na umati ukafurika nje ya makanisa ya Mesaimeer, huko Qatar ambako siku ya mapumziko ni Ijumaa, Kendi aliisikia sauti kabla ya kumwona mwenyewe.

"Dada wa gauni la manjano, foleni ya basi inaanzia huku nyuma."

Kendi aligeuka, mkono kiunoni. "Na wewe nani, askari wa foleni?"

"Siku sita ni mlinzi. Leo nimeacha sare nyumbani, lakini mdomo umekataa kubaki."

Kendi alicheka hata leso ikamdondoka. Kijana yule, mrefu, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hata mikunjo ikasimama, aliiokota akaipangusa vumbi. Aliitwa Fabian. Basi lilipofika, walikuwa wamekwisha kupeana namba.

Kendi alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Muaither, akifanya kazi mchana. Fabian alilinda ghala usiku, na mchana alilala Umm Salal katika chumba cha wanaume sita. Kwa hiyo mapenzi yao yaliishi ndani ya simu, katika ujumbe wa sauti. Fabian alinong'ona kila neno, kwa kuwa wenzake walikuwa wamelala.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Mbona unanong'ona kama mwizi?"

"Nimeiba moyo wa mtu. Nikipaza sauti nitakamatwa."

Mwezi wa Mei alimposa kwa mnong'ono uo huo, naye Kendi akakubali akiwa amejifungia stoo ya dawa, machozi yakimtiririka. Wangefunga ndoa Desemba, nyumbani Meru.

Mara moja tu Fabian alipaza sauti. Mwezi wa Juni aliambiwa kwamba Kendi ameonekana garini mwa Bradley, dereva wa zahanati, kumbe walikuwa wakimpeleka mgonjwa. Alisimama kando ya barabara akamrekodia Kendi ujumbe, akifoka dakika mbili nzima. Jioni, alipoujua ukweli, alipiga simu kuomba radhi.

"Futa ujumbe ule, mpenzi. Sitaki uisikie tena sauti ile."

"Nimekwisha kuifuta, Fabi. Lala."

Hakuifuta. Katikati ya matusi yale Fabian alikuwa amepiga ukelele, "Bila wewe mimi si mtu!" Kendi hakuwahi kupendwa kwa sauti kubwa namna ile.

Septemba, Fabian alikamatwa. Msimamizi wake, Wesley, alikuwa amepokea ujumbe wa sauti wa Kiswahili kutoka namba isiyojulikana, akamshuku yeye. Mwanamume alifoka: "Nitakuchoma ndani ya chumba chako!"

"Si mimi, Kendi," Fabian alisema siku ya kwanza ya kuonana rumande, mkonga wa simu sikioni, kioo kikiwa kati yao. "Naapa kwa jina la mama."

"Najua. Ungekuwa wewe, ningeujua hata uzi mmoja wa sauti yako."

Mahakama ilimkabidhi kazi Daktari Kwamboka, mtaalamu wa kulinganisha sauti, kwa kuwa Kiswahili ni lugha yake. Alipewa minong'ono ya kwenye simu ya Kendi iliyochukuliwa na polisi kwa idhini yake, ila ujumbe wa Juni, ambao Kendi aliutunza katika simu ya zamani. Alisikiliza, akapima irabu kwenye skrini, kisha akaiachia kompyuta ilinganishe. Ripoti ikasema haiwezekani kuegemea upande wowote.

"Hiyo inatutosha," wakili alimwambia Kendi. "Shaka ni mali ya mshtakiwa. Kaa kimya, dada."

Lakini Kendi hakutaka mchumba wake atoke na shaka begani. Alitaka atoke safi. Akaichukua simu ya zamani, akaenda kwa Daktari Kwamboka.

"Mnong'ono hautikisi koo," daktari alimweleza. "Ni kama kumtambua mtu kwa kivuli chake. Nahitaji sauti yake kamili, akiwa amekasirika, kwenye simu."

"Ninayo hapa."

Mama yule alivua miwani. "Mwanangu, nikiipokea siwezi kuirudisha. Nitaandika nitakachokikuta, si unachokitamani."

"Andika, daktari. Mimi namjua."

Siku kumi na mbili baadaye ripoti mpya ilisomwa. Daktari alikuwa amesikiliza upya na kupima upya, na kompyuta ilikuwa imelinganisha sauti zile mbili na za mamia ya wanaume wengine wasemao Kiswahili. Ufanano uliokutwa ulikuwa rahisi kutokea mara mia nne zaidi ikiwa msemaji ni mmoja kuliko wakiwa wawili. Hakusema ndiye. Alisema kukata shauri ni kazi ya mahakama. Mahakama ikalikata: miezi minane, kisha kurudishwa kwao, asikanyage tena Qatar.

Kendi alikwenda kumwona akiwa amevaa lile gauni la manjano. Fabian alikuwa amekonda, kola ikimpwaya.

"Ulisema umeifuta," alisema.

"Nawe ulisema si wewe."



"Wesley alininyima likizo ya harusi yetu," Fabian alisema. "Hasira ilinipanda. Nisingemgusa, Kendi. Niliogopa ukijua utaniacha."

"Ungeniambia ningenyamaza. Ningekaa na shaka yao, ningekupikia, ningezeeka nayo! Nilikuletea kamba nikidhani ni ngazi."

"Usinisubiri."

"Sema kwa sauti, Fabi. Hapa hakuna aliyelala."

Alifungua kinywa. Kilichotoka ni mnong'ono ule ule wa Umm Salal, na Kendi hakuyashika maneno. Askari akagonga mlango. Fabian akautundika mkonga, akaenda bila kugeuka.

Desemba ilipofika, Kendi alikuwa kazini Muaither.

Nawe uliyeisoma habari hii, usiifungie sandukuni. Msomee jirani, msomee na yule ambaye herufi bado zinamshinda, na zaidi ya wote mpe aliyemficha mpenzi wake neno, kabla hajaapa kwamba si yeye.