Picha ya Kumi na Saba

Saa moja na dakika arobaini asubuhi ya Jumanne, Agnela alifungua studio ya jirani yake kwa ufunguo wa akiba, akapiga ukelele mmoja, kisha akatoka barazani kupiga simu polisi. Saa mbili na robo Inspekta Aika alikuwa amefika Tengeru pamoja na Konstebo Hans.

Mpiga picha Luqman alikuwa amelala kifudifudi ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu iliyokuwa bado inawaka. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake ilikuwapo pingili ya mnyororo wa nanga, nzito kama tofali, ambayo alizoea kukandamizia karatasi zilizojikunja. Sinia moja ilikuwa imepinduka, na kilichokuwamo kilitapakaa mpaka mlangoni, kikakauka na kuacha doa la kahawia.

"Hii ni kahawa?" Hans aliuliza.

"Ni dawa ya kusafishia picha," Agnela alijibu kutoka nje. "Ikimwagika ni kama maji tu. Ikilala ndiyo inageuka hivyo. Imewahi kuniharibia vitambaa viwili."

Agnela alikuwa fundi cherehani; duka lake lilipakana ukuta na studio. Jana yake alifunga saa kumi jioni akaenda mazoezi ya kwaya. Alipoondoka, Luqman alikuwa mzima, anaimba peke yake huko ndani. Asubuhi alikuta mlango umefungwa lakini taa inaonekana chini ya mlango, akagonga, hakuitikiwa.

"Funguo zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Wake na huu wangu."

Ufunguo wa Luqman haukuwa mfukoni mwake wala popote mle ndani. Hans alimvuta Aika pembeni. "Afande, mwenye ufunguo wa pili ni huyu mama. Tuanze naye."

"Aliyeua alifunga kwa ufunguo wa marehemu, akaondoka nao," Aika alisema. "Mwenye wake angehitaji wa marehemu wa nini?"

Daktari alikisia kifo kilitokea kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni.

Kwa miaka minane Luqman alikuwa akishuka pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, kupiga picha za meli na boti zilizotelekezwa: meli iliyolala ubavu juu ya mwamba, jahazi lililobaki mbavu tupu, tishari la mizigo lililojaa mchanga. Alitumia filamu za zamani, nyeusi na nyeupe, akazisafisha mwenyewe. Wiki hiyo picha ishirini na nne zilikuwa zionyeshwe katika ukumbi wa nyumba ya wageni ya Maji ya Chai. Zote zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ya kaki yenye namba, zimeegemezwa ukutani.

Aika alizihesabu mara mbili. Zilikuwa ishirini na tatu. Iliyokosekana ni ya kumi na saba, na filamu yake nayo ilikuwa imechomolewa kwenye faili. Nyuma ya mlango lilitundikwa koti la kazi, na mfukoni mwake mlikuwa na daftari dogo ambalo mwuaji hakulijua. Kila picha iliandikiwa mahali, tarehe na hali ya maji. Ukurasa wa kumi na saba ulisema:

*Hori kusini mwa Pangani, mkono wa bahari ulioingia ndani kabisa ya mikoko. Halifikiki ila kwa mtumbwi, siku za bamvua, maji yakijaa sana. Boti ya mbao, imekaa kwenye tope. Chumba kimefungwa kwa nje. Rudi na Jamaldini Jumamosi, vunja kufuli.*

Aika aliyasoma maneno "kwa nje" mara mbili, akalitia daftari kwenye mfuko wa ushahidi.

Kwenye ndoo ya taka, Hans aliona upuuzi. Aika aliona vipande vitano vya karatasi ya picha, vyembamba kama rula. Mpiga picha hujaribu mwanga kwenye vipande vya aina hiyo kabla ya kuchapa picha kubwa. Alivipanga mezani kimoja baada ya kingine. Ikatokea sehemu ya boti: ubavu wa mbao, mlango mfupi wa chumba, komeo la chuma, na kufuli. Hakukuwa na jina, wala namba.

Agnela aliinama kuvitazama. "Siijui. Mimi boti za pwani sijawahi kuziona. Hata ile iliyomuua mume wangu sikuwahi kuiona."

"Mume wako alifia baharini?"

"Philemoni. Miaka sita sasa. Yeye na kaka yake, Ludovick, walikuwa na boti ya kutembeza watalii Pangani. Ilizama kilindini, nje ya miamba. Shemeji aliogelea na dumu. Philemoni hakuonekana tena." Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Huyo shemeji ndiye mwenye ukumbi wa maonyesho. Mimi ndiye niliyempeleka Luqman kwake."

Jamaldini alipatikana Ngarenaro, kwenye uwanja wake wa chuma chakavu. Simu ya Luqman ilikuwa na ujumbe wake wa wiki mbili nyuma: *Utajuta.*

"Nilikasirika, afande," alisema. "Nilitaka kukata meli moja ya Mtwara, yeye akawaandikia watu wa serikali wanizuie. Nikamtukana. Wiki iliyopita akaja mwenyewe, tukapatana. Akaniomba Jumamosi niende naye Pangani na mkasi wa kukatia chuma."

"Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, napakia lori. Waulize wote hawa."

Watu sita walisema hivyohivyo. Aika aliomba kuona viatu vyake vyote. Vilikuwa na kutu na grisi, hakuna zaidi. Alimwonyesha vile vipande. Jamaldini alikunja uso.

"Hili ndilo lililomkosesha usingizi. Boti ikitelekezwa, watu wanang'oa injini, wanang'oa mpaka misumari. Nani anafunga chumba cha boti iliyokufa? Unafunga ili nini kisitoke?"

Saa tisa alasiri Aika alikuwa Maji ya Chai. Nyumba ya wageni ilisimama katikati ya shamba la kahawa lililokatwa nusu. Ludovick, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya upole, alimpokea ukumbini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Msiba gani huu! Kijana mstaarabu kabisa."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Kisongo, uwanja wa ndege. Wageni wangu wawili walitua saa tisa na nusu, nikawaleta moja kwa moja mpaka hapa."

"Picha zake ulikwisha kuziona?"

"Hata moja. Alisema ataleta zote zikiwa tayari. Studio kwake sijawahi kukanyaga."

Aika aliweka vipande mezani, ndani ya mfuko wa plastiki. Ludovick hakuvigusa. Mkono wake uliokuwa unakoroga chai ulisimama.

"Boti yenu ya Pangani ilifanana na hii?"

"Yetu iko kilindini, binti yangu, pamoja na mdogo wangu. Hiyo ya kijani siijui kabisa."

Aika alishukuru, akamaliza chai yake, akaaga. Ndani ya gari alimwambia Hans aendeshe polepole. Alikuwa anataka kupiga simu Pangani, polisi wa huko waitafute boti.

Jumatano aliongea na wale wageni wawili bila mwenyeji wao kuwapo. Walikumbuka vizuri: gari lilisimama Tengeru kama saa kumi na moja kasoro, wakaachwa mgahawani wakinywa soda kwa dakika arobaini. Mzee alirudi akihema, akasema alikwenda kumwona mgonjwa.

Siku hiyohiyo polisi wa Pangani waliingia kwenye hori na mtumbwi, bamvua likiwa limejaa. Simu yao ilimfikia Aika Alhamisi saa tatu asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, akaandika jibu.

Saa nne walikuwa ukumbini tena. Aika alikuja na Hans na askari wengine wawili, na hati ya upekuzi. Agnela alikuja pia. Aika alikwisha kumweleza kilichopatikana, kwa maneno machache, wakiwa wameshikana mikono. Agnela aliomba awepo.

"Mzee Ludovick," Aika alianza, "Luqman hakuwa na filamu ya rangi hata moja. Picha niliyokuonyesha Jumanne ni nyeusi na nyeupe. Ulijuaje kwamba boti ni ya kijani?"

Ludovick alicheka kidogo. "Nilisema hivyo? Boti nyingi ni za kijani. Mtu anasema tu."

"Mtu anayesema boti haijui? Wenzetu wa Pangani wameifikia jana. Ni ya kijani."

"Kubahatisha si kosa."

"Uliniambia uliwaleta wageni moja kwa moja mpaka hapa. Wao wanasema ulisimama Tengeru dakika arobaini."

Hapo Hans aliingia kutoka stoo, ameshika raba nyeupe kwa vidole viwili. Nyayo na ubavu wake vilikuwa na madoa ya kahawia.

"Zilikuwa nyuma ya magunia ya mbolea," alisema.

"Ulikanyaga maji, ukadhani ni maji," Aika alisema. "Siku ya pili yakageuka. Ukashindwa kuziosha, ukaogopa kuzichoma mbele ya watu wa kazi."

Ludovick aliketi. Alizitazama zile raba kama vile mtu mwingine ndiye aliyekuwa akizivaa. Nje, wapishi walikuwa wanacheka jikoni.

"Wamefungua kile chumba," Aika aliendelea. "Kuna mifupa. Kuna pia pete ya ndoa. Kwa ndani imechongwa 'Agnela'."

Ludovick alipoanza kusema, hakumtazama mtu.

"Baba aliacha shamba kwa sahihi mbili. Yangu na ya Philemoni. Miaka minne nilimwomba tujenge hii nyumba ya wageni. Alisema kahawa ya baba haitakatwa yeye akiwa hai. Kule Pangani tulibishana tena, ndani ya boti, nikampiga kwa mpini wa kasia. Akaanguka. Hakupumua, nilidhani hapumui. Nikaiingiza boti kwenye hori, nikamweka chumbani, nikafunga ili maji yasimtoe nje. Nikatoboa chini ili izame. Haikuzama. Ilikaa kwenye tope."

"Na Luqman?"

"Jumatatu asubuhi alinipigia simu kwa furaha. Anasema ana picha moja ya ajabu, boti imefungwa kufuli, Jumamosi anakwenda kuivunja. Aliniuliza mimi, kama mtu wa Pangani, kama naifahamu." Alipangusa midomo. "Nilikwenda kumwomba aiache. Akaniuliza kwa nini. Akageuka kuitoa picha majini, nikashika ile pingili."

Agnela alikuwa amesimama dirishani muda wote huo. Sasa alisogea mpaka mbele yake.

"Shemeji. Umesema ulidhani hapumui. Ulijua lini kwamba ulikosea?"

"Agnela, mambo haya..."

"Nakuuliza. Ulijua lini?"

Ludovick alifunika uso. "Nilikuwa nimeshashuka kwenye mtumbwi. Nikasikia anagonga."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga kasia."

Agnela hakulia. Alimgeukia Aika, akamwambia, "Mchukueni," kama mtu anayeomba meza iondolewe njiani.

Luqman alikwisha kuzikwa na ndugu zake Jumatano. Philemoni aliletwa wiki iliyofuata, ndani ya jeneza ambalo watu wanne walilibeba bila kutoa jasho. Walimchimbia kaburi kando ya baba yake, kwenye ile nusu ya shamba ambayo bado ilikuwa na kahawa. Mchungaji alipomaliza kusoma, fundi seremala alipiga magoti, nyundo mkononi, misumari mdomoni.

"Hapana," Agnela alisema. "Kifuniko kiwekwe tu. Msikipigilie."

Watu walitazamana. Mzee mmoja wa ukoo alianza kusema kwamba haijawahi kufanyika hivyo. Mchungaji alimgusa bega, mzee akarudi nyuma. Aika, aliyesimama mwisho kabisa wa mstari wa waombolezaji, alimwona fundi akiitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, na kuirudisha mfukoni. Kisha wakamshusha Philemoni taratibu, na Agnela akiwa ameshika kamba mojawapo mwenyewe.